Kabla hujang'oa nozeli: dizeli ya kisasa na fundi wa nyumbani

Jumamosi moja saa nne asubuhi nilitandaza gazeti la zamani kibarazani na kupanga juu yake washa za shaba, vile vipete vya kuziba moshi, nilizotoa chini ya nozeli za Prado, yaani vifaa vinavyonyunyiza dizeli ndani ya silinda. Zilipaswa kuwa nne. Nikahesabu tatu. Nikakung'uta matambara, nikapiga magoti nikamulika uvunguni mwa gari, nikamshuku hata kuku wa jirani aliyekuwa akidonoadonoa pale chini. Kumbe washa ya nne haikupotea. Ilikuwa bado ndani ya tundu la silinda ya pili, imegandiana na kitako chake kwa masizi ya miaka, nyeusi kama chuma kilichoizunguka, tochi ikipita juu yake bila kuitofautisha. Ningeweka washa mpya juu ya ile, nozeli ingekaa juu kuliko inavyotakiwa, na injini ingeanza kufa taratibu kwa sababu ya kipande cha shaba kisichozidi kifungo cha shati.

Naanza na washa kwa makusudi. Mtu akisikia "kubadilisha nozeli nyumbani" anawaza nati, spana na nguvu za mikono. Hapo si pagumu sana. Ukiwa na boksi la spana, kivuli na subira, kuzitoa ni shughuli ya nusu siku. Pagumu ni kujua kama nozeli ndiyo mbovu kweli, na kuirudisha mpya bila kuacha nyuma uchafu, uvujaji au namba isiyo yake.

Nitazungumzia injini ninayoijua, 1KD-FTV ya Toyota: lita 3, silinda nne, iliyoanza kuonekana kwenye Prado mwaka 2000, baadaye ikaingia kwenye Hilux, Fortuner na Hiace. Ukisimama dakika tano kando ya barabara kuu yoyote kati ya Mombasa na Mbeya, zitakupita kadhaa. Dizeli nyingine za kisasa zinatofautiana mpangilio wa nati na mabomba, lakini mantiki yake ni hiyohiyo.

Kwenye injini za zamani, 3L ya Hiace au 1HZ ya Land Cruiser, bwana mkubwa alikuwa pampu. Pampu ndiyo iliyopima dizeli, ikapanga muda, ikaisukuma kwa kila silinda kwa zamu. Nozeli ilikuwa mlango wenye springi tu: shinikizo likifika kilo mia moja na ushee kwa kila sentimita ya mraba, springi inakubali, dizeli inarushwa, mlango unajifunga. Fundi pampu aliipima kwa mashine ya mkono, akaangalia unyunyuzaji, akaongeza shimu, kile kipande chembamba cha kukaza springi, kazi ikaisha.

Mfumo wa reli uligeuza mambo. Denso waliufunga kwenye malori ya Hino mwaka 1995, na mwaka 1997 Alfa Romeo 156 ikawa gari dogo la kwanza kuuzwa nao. Hapa pampu haipangi zamu ya mtu. Inashindilia dizeli kwenye bomba nene la chuma, yaani hiyo reli, na dizeli inakaa humo imebanwa muda wote, ikisubiri. Gari likiwa limesimama linanguruma, shinikizo ni kama kilo 300 kwa sentimita ya mraba. Likibebeshwa mzigo mlimani, linafika kilo 1,600 hivi. Chukua Vitz nzima, ongeza abiria na mizigo yao, isimamishe juu ya ukucha wa kidole chako kidogo: ndiyo dizeli inavyobanwa humo.

Sasa angalia nozeli yenyewe. Watu wengi hudhani umeme ndio unaoinua sindano iliyoziba matundu. Hakuna sumaku ndogo kiasi kile inayoweza kuinua kitu kilichobanwa namna hiyo. Umeme unafungua kitundu kidogo sana juu ya sindano. Dizeli iliyokuwa ikiibana sindano kwa juu inapata upenyo, inatoroka, na dizeli ya chini inaisukuma sindano juu yenyewe. Ni kama mlango unaosukumwa na watu wenye nguvu sawa pande zote mbili: ukimtoa mmoja upande mmoja, mlango unafunguka bila wewe kuugusa. Kitundu kikizibwa, sindano inarudi chini. Yote hayo mara kadhaa katika mlipuko mmoja, kwa sababu kompyuta huanza na kitone cha utangulizi, milimita ya ujazo 1 au 2 tu, ili moto uanze kwa upole, kisha ndipo inamwaga kipimo chenyewe. Kitone hicho ndicho kilichoondoa ile kelele ya zamani ya dizeli. Kikipotea, kelele inarudi.

Ile dizeli iliyotoroka kwa juu hairudi kwenye silinda. Inapita kwenye bomba la marejesho hadi tangini. Shika hapo, maana ugonjwa mwingi wa nozeli ni huo: kitundu au sindano inalika, dizeli inatoroka kuliko inavyopaswa, na pampu inabaki kujaza ndoo iliyotoboka.

Nafasi kati ya vyuma vinavyosuguana ndani ya nozeli ni mikroni chache. Unywele wa binadamu una mikroni kama 70. Kwa hiyo vumbi usiloliona kwa macho ni jiwe kwa nozeli, na maji ni kutu. Na dizeli yenyewe ndiyo mafuta ya kulainisha humo ndani, hakuna oili nyingine. Ndiyo maana mafuta ya taa yanaua: yanawaka vizuri lakini hayalainishi kama dizeli. Nchi za Afrika Mashariki zilishusha salfa kwenye dizeli hadi sehemu 50 kwa milioni mwanzoni mwa 2015, Tanzania ilianza kutia vinasaba, alama za kemikali za kuwanasa wachanganyaji, kwenye mafuta mwaka 2010, na Kenya mwaka 2018 iliweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa ili kuchanganya kusiwe na faida. Lakini dumu la kando ya barabara halina kinasaba cha mtu. Neno "kuchakachua" tumelihamishia kwenye siasa na mapenzi, ila nozeli bado zinalijua kwa maana yake ya kwanza.

Turudi kwenye dalili. Gari langu lilikuwa linagonga asubuhi kama mtu anayepiga nyundo kwenye bati, linatoa moshi mweupe dakika mbili tatu, kisha linatulia. Likipata moto na kuzimwa, kuliwasha tena ilikuwa shughuli. Gereji moja, wakasikiliza dakika moja, wakasema nozeli zote nne zimekufa, niandae pesa.

Sikuandaa pesa. Nilitafuta mashine ya kusoma gari, ile ndogo inayochomekwa chini ya usukani, na kuangalia takwimu zinazohusu kila silinda. Kompyuta hupima jinsi krenki, mhimili unaozungushwa na pistoni, inavyoharakisha kila silinda inapolipuka. Silinda ikiwa mvivu inaiongezea dizeli, ikiwa na pupa inaipunguzia, na kiasi hicho kinaandikwa. Kwenye injini hii, ikiwa imepata moto na inanguruma bila kukanyagwa, kila silinda inapaswa kuwa kati ya hasi 3 na chanya 3. Yangu ilisoma: ya kwanza 0.4, ya pili hasi 3.9, ya tatu 0.7, ya nne 3.4.

Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Namba kubwa haisemi "nozeli mbovu". Inasema "silinda hii haifanani na nyingine". Chanya kubwa inaweza kuwa nozeli iliyoziba, lakini inaweza pia kuwa ringi zimechoka au vali haizibi, na hapo ukifunga nozeli ya dhahabu hutapata kitu. Kwa hiyo kompresheni, yaani silinda inavyobana hewa, hupimwa kwanza. Na kabla ya hata kompresheni, badilisha filta ya dizeli, mwaga maji yaliyokusanyika chini yake, hakikisha mabomba hayavuti upepo. Mngurumo ukiwa unapanda na kushuka kama unapumua, mshukiwa wa kwanza si nozeli bali vali ya kwenye pampu inayopima dizeli ya kuingia, ambayo mafundi wanaiita SCV, na bei yake hailingani kabisa na seti ya nozeli. Nimeona watu wamebadilisha nozeli nne, kisha wakarudi kununua hiyo vali.

Mitandaoni utaona vijana wakichomeka vichupa vinne kwenye mipira ya marejesho na kulinganisha kipi kinajaa haraka. Kipimo kizuri sana kwa magari yenye mipira hiyo juu. Kwenye 1KD bomba la marejesho limefichwa chini ya tapeti kava, kile kifuniko cha juu ya injini, ndani kunakorukaruka oili, kwa hiyo vichupa havikusaidii. Lakini mpangilio huo una dalili yake ya bure: bomba hilo likivuja, dizeli inamwagikia kwenye oili. Ukichomoa kijiti cha kupimia oili ukakuta oili imepanda badala ya kushuka, na inanuka dizeli, usiendelee kuendesha.

Kuna kipimo kimoja cha zamani ambacho naomba ukisahau. Kwenye 3L tulikuwa tunalegeza nati ya bomba la nozeli moja moja gari likiwa linaunguruma. Ukilegeza na mlio usibadilike, umempata mgonjwa. Kwenye mfumo wa reli usithubutu. Dizeli inayotoka kwenye upenyo mwembamba kwa shinikizo lile inapenya ngozi kama sindano ya hospitali. Jeraha linaonekana kama kitobo cha mwiba, haliumi sana mwanzoni, na ndani nyama inaanza kufa. Huo ni upasuaji wa dharura siku hiyohiyo, si wa kupaka spiriti na kungoja kesho. Zima gari, acha likae mpaka lipoe, ndipo ushike nati. Waya za nozeli nazo hubeba umeme mkali kuliko volti 12 za betri mara nyingi tu, kwa hiyo betri inatolewa kwanza.

Basi nikaanza. Kwa hewa ya kompresa na brashi nilisafisha juu ya injini yote kabla ya kulegeza nati hata moja. Hii ndiyo nusu ya kazi, na haina utamu wowote, ndiyo maana watu wanairuka. Mchanga uliokaa kwenye shingo ya nati ya bomba unaingia wapi ukifungua? Ndani. Kisha intakula ya juu, kile kipoza hewa, ikatoka, mabomba manne ya chuma yakatoka, na kila mdomo uliobaki wazi nikaufunika papo hapo kwa kipande safi cha nailoni na mpira wa bendi. Tapeti kava ikanyanyuka. Bomba la marejesho, vibanio, kisha nozeli zenyewe.

Tatu zilitoka kwa mkono. Ya nne iligoma. Hapa usipige nyundo wala usitie nyenzo kwenye soketi ya umeme. Nilinyunyizia mafuta ya kulainisha kutu kuzunguka shingo yake, nikaenda kunywa chai, nikarudi, nikaizungusha kwa spana robo ya robo kushoto na kulia, chai tena. Baada ya saa moja ilitoa sauti ya kizibo cha chupa ya soda na kuinuka, chini yake ukoko mweusi mgumu kama lami ya barabarani. Ukoko huo ulikuwa ushahidi: washa yake ilikuwa inavujisha moshi wa mlipuko zamani.

Na huu ndio ugonjwa wa injini hii ambao ningependa kila mwenye Prado aufahamu. Washa ikichoka, gesi ya moto inapanda kutoka kwenye silinda hadi chini ya tapeti kava. Humo inaipika oili. Oili iliyopikwa inakuwa masizi mazito yanayoteremka hadi kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini, na kuziba chujio la pampu ya oili. Siku moja taa ya oili inachelewa kuzima asubuhi, mwenye gari anasema labda ni sensa, na mwezi unaofuata krenki imejikwaruza. Nozeli zilikuwa nzima, washa ndiyo iliyoua. Kwa hiyo ukikuta ukoko kama wangu, usifunge tu ukashukuru Mungu. Shusha sampu uangalie chujio. Langu lilikuwa limeziba karibu theluthi.

Nozeli nne nikazifunga kwenye kitambaa safi, kila moja imeandikwa namba ya silinda yake, nikampelekea mzee mmoja mwenye mashine ya kupimia za reli.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Umezifungua mwenyewe?"

"Ndiyo, mzee."

"Basi angalau hazijapigwa nyundo." Akazigeuzageuza, akanusa moja, akacheka. "Nani kakwambia nne zimekufa?"

Majibu yalirudi jioni. Ya pili ilikuwa haizibi, inadondosha dizeli hata isipoamriwa. Hiyo ndiyo iliyoifanya kompyuta ipunguze mpaka hasi 3.9. Nozeli ya namna hiyo ikiachwa inachoma pistoni ikaitoboa. Ya nne inarudisha tangini karibu mara mbili ya wenzake. Mbili zilizobaki nzima. Kuna hoja ya kubadilisha zote nne kwa pamoja, kwamba umri wao ni mmoja. Ni hoja ya haki ukiwa na pesa. Nozeli moja mpya halisi hula mshahara wa mwezi wa watu wengi, na mimi nilinunua mbili.

Kununua nako kuna mtego. Kariakoo ya Dar es Salaam au Kirinyaga Road ya Nairobi utapewa aina tatu zinazofanana machoni: mpya halisi, iliyofufuliwa, na ya bandia yenye kibandiko kizuri kuliko halisi. Iliyofufuliwa si dhambi, mradi ije na karatasi ya vipimo vyake na namba mpya. Namba hiyo ni msururu wa herufi na tarakimu 30 ulioandikwa kichwani mwa nozeli. Hakuna nozeli mbili zinazomimina sawasawa kabisa, kwa hiyo kiwandani kila moja hupimwa, na tofauti yake ikafichwa kwenye namba hiyo ili kompyuta ijue: huyu mpe muda mfupi kidogo, yule mwongeze. Ukifunga bila kuingiza namba, gari litawaka, ndiyo, ila kile kitone cha utangulizi kitakosea na kelele itarudi, halafu utamlaumu muuzaji. Matoleo ya mwanzo kabisa ya injini hii hayakutumia namba hizo. Kama yako inazitumia, piga picha za vichwa vyote kwa simu kabla hujafunga kava. Na ukihamisha nozeli kutoka silinda moja kwenda nyingine, namba nayo inahama.

Kurudisha ndiko kulikonichukua Jumapili nzima. Ile washa iliyogandia kwenye silinda ya pili niliitoa kwa kijiti cha mti mgumu nilichokichonga kikabana ndani ya tundu lake, nikakizungusha taratibu. Kitako cha kila tundu kikasafishwa kwa kitambaa kilichozungushiwa kijiti, kilichopakwa grisi ili masizi yanate badala ya kudondokea silindani, mara kumi, mara kumi na tano, mpaka chuma king'ae mduara mzima. Mduara ukikatika sehemu moja, moshi utapita hapo. Washa mpya, sili mpya, hata kwa nozeli mbili zilizorudi zilezile. Washa ya shaba iliyokwisha kubanwa mara moja haibani tena. Bolti ya kibanio ikakazwa kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, kwa kipimo cha kitabu cha gari. "Nimeshazoea kwa mkono" haifai hapa: ukikaza mno, mwili wa nozeli unapinda kiasi usichokiona, na sindano inaanza kukwama.

Mabomba ya chuma kati ya reli na nozeli nilinunua mapya kwa silinda zile mbili. Ncha zake hujikandamiza kufuata umbo la nozeli ya zamani, na zikikutana na ngeni huvuja. Wapo wanaoyarudisha na yakashika. Mimi, nikikumbuka kilo 1,600, sikutaka kuwa mmoja wao. Kabla ya kufunga tapeti kava nilipuliza hewa kidogo kwenye bomba la marejesho na kupaka povu la sabuni kwenye viungo vyake kwa brashi ndogo. Kiungo cha tatu kilitoa kipovu kimoja. Nikakifungua, nikabadilisha washa, kikatulia. Kipovu kile kingekuwa dizeli kwenye oili.

Oili mpya na filta mpya zikaingia, maana makombo ya masizi hayakosi kudondoka. Pampu ya mkono juu ya filta ya dizeli nikaibonyeza mpaka ikawa ngumu kabisa, upepo wote umetoka. Stata ilizungusha sekunde chache, nikapumzisha, ikazungusha tena, ikashika, ikayumba kama mlevi kwa nusu dakika, ikanyooka. Sikupitisha mkono popote juu ya mabomba. Kuangalia uvujaji nilitumia kipande cha boksi kavu nikikipitisha mbali kidogo, kisha nikazima na kukitazama. Kilikuwa kikavu.

Siku ya pili, injini ikiwa na moto na namba zote nne zimeingizwa, mashine ilisoma 0.3, 0.6, hasi 0.2 na 1.9. Hiyo ya nne bado inaombaomba kidogo, na nadhani ni kompresheni ya silinda yenyewe. Naiangalia kila ninapomwaga oili.

Ile washa nyeusi ipo kwenye kopo la misumari. Ukiigeuza upande wa chini unauona mfereji mwembamba uliochongwa na moshi, kutoka ukingo wa ndani hadi wa nje.